Kuni, Mwezi Mpevu na Tenga la Simu

Siku tuliyompeleka mpiga vinganga kuukagua ukumbi tuliokuwa tumekwisha kuulipia kianzio, mzee yule hakutazama jukwaa, wala taa za rangi, wala viti vya plastiki vilivyopangwa kwa mistari. Alitazama chini. Aliigonga sakafu kwa kisigino cha kandambili yake, akasogea hatua tatu, akaigonga tena, kisha akaniuliza kwa upole, kana kwamba kosa ni lake: "Mwanangu, sasa hizi nitazichomeka wapi?"

Kwa msomaji ambaye hajawahi kuviona, vinganga ni ngoma ndogo za Kimakonde ambazo kwa chini huchongwa zikaishia kwenye ncha kama kigingi. Mpigaji huichomeka ncha hiyo ardhini, ngoma ikasimama imara ikiwa imeinama kidogo, naye akabaki na mikono yote miwili ya kushikia vijiti vyembamba vinavyotoa ule mlio mkali na wa haraka unaosikika juu ya ngoma nyingine zote. Kwenye ukumbi wenye vigae chombo hiki hakina pa kusimama. Tulipendekeza ndoo zilizojazwa mchanga. Mzee alicheka, akasema ndoo hizo zitaanza kucheza kabla ya wachezaji. Mwenye ukumbi hakuturudishia kianzio, na katika daftari la mapato na matumizi ninalolitunza kama mweka hazina wa kundi letu, shilingi 150,000 zimeandikwa kwa wino mwekundu mbele ya neno moja tu: "sakafu".

Wenzetu wa Songea na wa Tanga wanaotaka kufanya kitu kama chetu wameniuliza mara kadhaa tuliuandaaje mkutano wa wapenzi wa ngoma za asili hapa Mtwara, na kila mara hujikuta nikianza na sakafu hiyo, ingawa wao wangependa niwape bajeti na orodha ya vibali. Ukweli ni kwamba karibu kila tulichokosea tulikikosea kwa namna ile ile: tulipanga kwanza, kisha tukaenda kuwauliza wenye ngoma.

Kundi letu lilianza kwenye simu, kama makundi mengi siku hizi, kwa watu wachache waliokuwa wakitumiana rekodi za zamani na kubishana kuhusu ngoma gani ni ya wapi. Yumo mwalimu mstaafu wa Masasi mwenye masanduku mawili ya kaseti, yumo dereva wa lori la korosho ambaye anajua kila kijiji kati ya Tandahimba na Nachingwea kwa ngoma yake, yumo muuguzi wa Lindi, wamo vijana wawili wa Dar es Salaam wanaotengeneza muziki kwa kompyuta na wanaotafuta mapigo mapya, na yumo dada mmoja wa Unguja aliyelelewa na nyanya yake katika unyago. Hakuna hata mmoja kati yetu aliyekuwa mpigaji. Tulikuwa wasikilizaji tu, watu wa kusikia na kusifia.

Mimi mwenyewe nilizaliwa Temeke kwa wazazi waliotoka Newala, na mama yangu, aliyekuwa mkunga, alikataa nisichezwe unyago, kwa sababu ambazo sikuzibishia wakati ule wala sizibishii leo. Lakini aliimba. Alipokuwa akipepeta mchele aliimba vipande vya nyimbo ambavyo hakuwahi kuvimalizia mbele yangu, na nilipomuuliza mwisho wake uko wapi alijibu kwamba mwisho uko Newala. Nilipohamishiwa kikazi Mtwara, nikiwa mtu mzima na karani wa hesabu, sikuwa na mpango wowote wa kuutafuta mwisho huo. Ila nilianza kusimama barabarani kila niliposikia ngoma.

Jambo lililotutesa kuliko fedha lilikuwa tarehe. Kamati ilikuwa imechagua katikati ya Oktoba, kwa kuwa kuna mapumziko ya Siku ya Nyerere na wageni wa mbali wangepata nafasi ya kusafiri. Tulikwenda na tarehe hiyo kwa bibi mmoja wa Mikindani, manju wa kikundi cha akina mama ambacho tulikitaka kuliko vyote, tukamwamkia, tukakaa mkekani na kueleza mpango wetu. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza mawili. La kwanza, ni nani atakayekuja Oktoba, wakati kila mwenye mkorosho yuko shambani anaokota na minada inaanza, na watu wengine wanalala huko huko kwenye vibanda wakilinda magunia? La pili, usiku huo mwezi utakuwa na umri gani?

Hakuna mjumbe aliyekuwa amelifikiria swali la pili. Sisi tulikuwa tumepanga kukodi taa. Ilitubidi twende kwa mwalimu wa madrasa ambaye ukutani kwake ana kalenda ya Kiislamu, tukahesabu pamoja naye mpaka tukapata Jumamosi moja ya mwishoni mwa Agosti iliyoangukia karibu na usiku wa 14 wa mwezi, wakati upuliziaji wa salfa kwenye mikorosho unaelekea kwisha na uokotaji haujakolea, na mvua hazijakaribia. Kwa ukaribu huo huo mwalimu alitupeleka kwa imamu wa msikiti ulio jirani na uwanja, tukakubaliana kwamba ngoma zitanyamaza tangu adhana ya Isha hadi watu watoke msikitini, na kwamba zitakuwa zimelala kabla ya Alfajiri. Mapatano hayo hayakuandikwa popote na ndiyo pekee ambayo hayakuvunjwa na mtu.

Kuhusu vibali sina mengi. Barua huenda serikali ya mtaa, huenda kwa afisa utamaduni wa manispaa, huenda polisi kwa sababu ya kelele za usiku, na mwenye subira huvipata vyote. Lakini ofisi moja, ambayo sitaitaja, ilitaka ratiba yenye dakika. Tuliiandika. Ngoma ya kwanza, saa 2:00 hadi saa 2:20 usiku. Ngoma ya pili, saa 2:20 hadi saa 2:40. Maneno ya shukrani, dakika kumi. Niliipiga chapa mwenyewe na nakumbuka nilivyoridhika nayo ilipotoka kwenye mashine, imenyooka, ina muhuri.

Sioni ajabu kwamba tuliifikiria ngoma kwa dakika, maana ndivyo wengi wa rika langu tulivyoijua. Desemba 1962, katika hotuba yake kwa Bunge alipokuwa rais wa Jamhuri mpya, Mwalimu Nyerere aliuliza ni wangapi kati ya Watanganyika waliojua kucheza, au hata waliowahi kusikia, gombe sugu, mangala, nyang'umumi, kiduo na lelemama, ilhali walizijua dansi za Kizungu. Naye akatangaza wizara mpya ya Utamaduni wa Taifa na Vijana. Kutokana na juhudi za miaka hiyo sindimba ya Wamakonde ilitoka kusini ikawa ya taifa zima, ikafundishwa na kikundi cha taifa, ikaingia mashuleni, na mtoto wa Bukoba au wa Moshi akajua kukata nyonga bila kuuona mto Ruvuma. Ni heshima kubwa, na sitaki kuidharau. Lakini ngoma ambayo nyumbani ilikesha ilibidi ijifunze kwisha upesi, kwa sababu mgeni rasmi ana haraka na msafara unasubiri. Vikundi vyetu vingi vya kusini vimezoea hivyo mpaka leo: ukiviita, swali la kwanza ni dakika ngapi, na ukivijibu kwamba hakuna dakika, vinakutazama kama mtu asiye na fedha za kuvilipa.

Uwanja tulioupata baada ya kuuacha ukumbi ni wa mchanga, nyuma ya nyumba za mawe za Mikindani, chini ya miembe miwili mikubwa, na ghuba inaonekana ukisimama. Wageni huletwa mji huu kuonyeshwa Boma la Wajerumani la mwaka 1895 na kuambiwa kwamba Livingstone alipita hapa mwaka 1866 akianza safari yake ya mwisho ya bara. Uwanja wetu hauna kibao chochote. Mwenye nao alitutoza kuku wawili na sharti la kuufagia.

Kisha zikaja kuni. Katika bajeti yetu ya kwanza, iliyokuwa na vitu 31, pamoja na fulana, beji na maji ya chupa, hapakuwa na kuni za ngoma. Kuni za jikoni zilikuwapo. Mpiga vinganga ndiye aliyeuliza, na safari hii hakucheka. Usiku wa pwani una unyevu. Ngozi ya mbuzi hunywa unyevu huo ikalegea, na ngoma iliyokuwa ikilia vizuri saa moja jioni huwa kama gunia ifikapo saa nne. Kwa hiyo moto hauwashwi mara moja ukaisha. Unakaa pembeni ya uwanja usiku kucha na una mtu wake, ambaye kazi yake ni kuulisha na kupokea ngoma zilizolegea.

Baadaye, usiku wa mkutano wenyewe, nilikaa karibu na mtu huyo kwa muda mrefu kuliko nilivyokaa mahali pengine popote, kwa hiyo nitaeleza nilichokiona. Hatumii moto wa magogo yaliyoshika. Anatupa makuti makavu juu ya makaa, yanawaka ghafla kwa mwali mrefu mweupe, naye anaishika ngoma kwa mikono miwili na kuielekeza ngozi kwenye mwali huo, akiizungusha polepole kama mtu anayechoma hindi asilotaka liungue. Mwali ukizima anaigonga ngozi kwa kidole cha kati, karibu na ukingo, mara moja. Anasikiliza. Anaigonga upande wa pili. Pande hizo mbili zikitofautiana anautafuta upande uliobaki nyuma, anaongeza kuti moja, anaupitisha peke yake kwenye moto. Ngozi inayokauka hubadilika rangi kidogo na kuanza kunukia, harufu iliyo kati ya nyama choma na ngozi ya kiatu kipya. Anapotosheka hasemi neno. Anamtupia macho mpigaji, na yule anaitoa ngoma aliyokuwa nayo katikati ya pigo, anapokea hii, na wachezaji hawajui kama kuna kilichobadilishwa. Nilimuuliza anajuaje kwamba sasa imefika. Akasema, "Inaniitikia."

Lakini nimetangulia. Wageni walifika Ijumaa, 47 kwa hesabu yangu, basi moja likiwa limechelewa saa nne kwa sababu ya pancha mbili kati ya Kibiti na Lindi. Kila mgeni alikuwa amechangia shilingi 40,000, na wenyeji wa mtaa waliingia bure, jambo lililopingwa na wajumbe wawili wa kamati mpaka walipoona kwamba bila wenyeji hakuna wa kuitikia. Chakula kilikuwa ugali wa muhogo, samaki na kisamvu, na kwa wageni waliokuwa hawajawahi kufika kusini tuliwachemshia ming'oko na kuwatolea na chumvi na pilipili. Nusu yao walimenya wakala, nusu walipiga picha.

Vipaza sauti nitavitaja kwa kifupi kwa sababu bado vinanikera. Fundi tuliyemkodi alileta spika ndefu kuliko yeye, akazifungulia singeli tangu saa nane mchana ili "kuita watu", na alipoweka maikrofoni mbele ya manju wa kwanza, sauti ya manju ikawa juu ya paa na sauti ya waitikiaji ikabaki miguuni. Wimbo wa ngoma ni mazungumzo ya pande mbili; ukiupa upande mmoja spika umeufanya hotuba. Tulimlipa fedha zake zote na kumwomba azime. Alizima, akakaa, akala, na nadhani alifurahi.

Jumamosi mchana, kabla ya ngoma, tulikuwa na kikao cha kusikiliza, na hicho kilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Mwalimu wa Masasi alileta kaseti zake na redio-kaseti moja ya zamani yenye mlango uliofungwa kwa raba. Nyingi alizirekodi mwenyewe miaka ya themanini, akiiweka redio mezani na kuwafukuza watoto chumbani, kwa hiyo katikati ya ngoma ya Wamwera unasikia mlango, jogoo, na mtu anayeuliza chumvi iko wapi. Kaseti ya tatu ilimeza utepe. Mwalimu aliutoa utepe kidogo kidogo kwa ukucha, mita nzima au zaidi, akaurudisha kwa kuzungusha penseli kwenye tundu la kaseti, na watu 47 walinyamaza kama wanaotazama upasuaji. Ilipolia tena haikuwa ngoma ya kusini. Zilikuwa ngoma za Mzee Morris, Morris Nyunyusa, yule mpigaji kipofu aliyepiga ngoma nyingi kwa wakati mmoja na ambaye mirindimo yake ilitangulia taarifa ya habari ya Radio Tanzania. Wazee wote walikaa wima mara moja. Mmoja alimwambia mjukuu wake, "Nyamaza, habari," kisha akacheka mwenyewe.

Ndipo nikapewa nafasi ya kuzungumza, nami nilikuwa nimejiandaa kumzungumzia Karl Weule. Huyu alikuwa Mjerumani wa makumbusho ya Leipzig aliyefika Lindi mwaka 1906, wakati vita vya Majimaji havijaisha, akapita Masasi na nchi ya Wamakonde hadi Newala akiwa na kamera ya sinema na fonografu, ile mashine ya pembe iliyochora sauti kwenye silinda za nta. Watu waliimba mbele ya pembe, nta ikachorwa, silinda zikasafiri kwenda Ujerumani. Nilieleza pia kwamba mwaka 1950 Hugh Tracey alizunguka Tanganyika akirekodi, na kwamba rekodi zake zimo katika maktaba ya muziki aliyoianzisha Afrika Kusini mwaka 1954. Tunawashukuru, nilisema, kwa kuwa bila wao sauti hizo zingepotea. Lakini nikauliza, kwa sauti ya mtu anayejiona ana haki, ni nani kati ya wale waimbaji wa mwaka 1906 aliyeulizwa kama anakubali wimbo wake uondoke, na kama alielewa unakwenda wapi. Dada wa Unguja aliongezea jambo zuri kuliko hotuba yangu. Alisema watu walimjua Bi Kidude kwa taarabu na kwa unyago, na marehemu alitembea dunia nzima na ngoma yake ya msondo, lakini nyanya yake yeye, aliyekuwa kungwi, alikuwa akisema kwamba zile zilizopandishwa jukwaani ni za mlangoni, na za ndani zimebaki ndani. Watu walipiga makofi. Mimi pia.

Usiku mwezi ulitoka upande wa ghuba, mkubwa, wa rangi ya embe bivu, na taa tulizokuwa tumezikodi zilionekana ujinga mtupu. Kikundi cha akina mama kilianza baada ya Isha. Nyimbo za mwanzo zilikuwa za wote, watoto wakicheza pembeni, wageni wakituza noti za elfu mbili mbili. Kisha bibi alisimamisha ngoma kwa mkono na kusema kwamba unaofuata si wa ndani, usingeimbwa hapa kama ungekuwa wa ndani, ila ni wa kusikilizwa kwa masikio tu, kwa hiyo simu ziwekwe mifukoni. Tuliitikia kwa pamoja. Ukaanza. Ulikuwa wa polepole, wa sauti mbili zinazopishana, na ngoma kubwa ikipigwa kwa kiganja tu, na katika mstari wa pili nilisikia kitu nilichokijua: ni kile kipande cha mama yangu na ungo wake. Nilishika mkono wa mtu aliyekuwa karibu nami, simkumbuki ni nani.

Tulikuwa katikati ya wimbo simu ilipoita. Haikuwa ya mgeni. Ilikuwa imefungwa kwenye pindo la kanga ya mmoja wa waitikiaji, naye kwa aibu aliitoa ili aizime, akaona ni mpwa wake wa Dar es Salaam, akapokea ili amwambie atampigia baadaye, na sauti ya mpwa ikasikika mpaka tulipo: "Mama mdogo, nakuona! Mnapendeza!"

Kijana mmoja alikuwa ameegemeza simu yake kwenye mwembe na kuurusha wimbo mubashara. Hakuwa na nia mbaya. Alidhani kukatazwa ni kuishika simu mkononi. Bibi hakumtafuta kwa macho wala hakukaripia. Aliinua tu kiganja, ngoma zikafa moja moja, ile kubwa mwisho, na baada ya kimya ambacho nilisikia makuti yakitatarika motoni, alianza wimbo mwingine, mchangamfu, ambao kila aliyesoma shule ya msingi Mtwara anaujua. Wageni walishangilia. Wenyeji hawakushangilia.

Sasa niseme la kwangu. Ndani ya mkoba wangu, chini ya daftari la hesabu, kulikuwa na kirekodi kidogo nilichokiwasha tangu mwanzo wa kikundi hicho, na nilipoambiwa simu ziwekwe mifukoni nilijiambia kwamba hiki si simu. Nilijiambia pia kwamba ni kwa kumbukumbu za kundi. Saa chache kabla nilikuwa nimesimama mbele ya watu nikimsema Mjerumani na nta yake.

Asubuhi nilikwenda kwa bibi na kilo moja ya sukari na pakiti ya majani ya chai. Nilimwamkia, nikakiweka kirekodi mkekani, nikamweleza. Alinitaka nikiwashe. Alisikiliza dakika zote kumi na moja akiwa ameinamisha kichwa, mkono ukipiga goti lake polepole, tangu nyimbo za mwanzo mpaka mahali simu inapoita, na hapo alitabasamu kidogo. Kisha akauliza, "Huyu aliye karibu, anayeingia kila mara wenzake wameshapita, ni nani?"

Nilisema ni mimi.

"Nilidhani," alisema. Akaniambia nifute, nami nikafuta mbele yake, na alitaka aoneshwe kwamba kweli hakuna kilichobaki, ingawa hakuwa na miwani ya kuona. Alipokwisha kurudisha kirekodi mikononi mwangu aliuliza jioni ile tutaanza saa ngapi. Nilimwambia ratiba inasema saa mbili. Akasema tutaanza ngozi zikiwa tayari.

Usiku wa pili, ambao haukuwa kwenye barua yoyote na ambao tuliongezewa na uongozi wa mtaa kwa maneno tu, tuliweka tenga la kuku mlangoni mwa uwanja, tukatandika kanga ndani yake, na kila aliyeingia alilaza simu yake humo. Yangu ilikuwa ya kwanza, pamoja na kirekodi. Kijana wa mubashara tulimpa kazi ya kulilinda tenga, akaifanya kwa ukali uliotuchekesha. Mmoja wa wale vijana wa kompyuta, akiwa hana cha kushika, alipewa manyanga na mama mmoja aliyechoka, na kwa saa nzima alikuwa akikosea, akirekebishwa kwa kiwiko, akikosea tena. Wazee wa Newala walichomeka vinganga mchangani. Kinyago kilitoka gizani upande wa miembe bila kutangazwa, kikayumba kwenye mwanga wa moto, watoto wakakimbia wakipiga kelele na kurudi, na hakuna mgeni hata mmoja aliyeuliza ni nani aliye ndani yake. Ule wimbo wa polepole haukuimbwa.

Hesabu zilifungwa na upungufu wa shilingi 83,000, ambao tuliuziba kwa kuuza fulana zilizobaki. Mwaka huu hatutengenezi fulana. Tumeshalipia kuni, na mtu wa moto tumemwandika juu kabisa, mbele ya mgeni rasmi, ambaye naye tumemfuta.

Alhamisi jioni, nikitoka kazini, napanda bajaji hadi Mikindani kwa bibi. Hanifundishi wimbo, anasema wimbo ni wake, mimi nina kiitikio. Anaanza yeye, akipiga kwa kiganja kwenye sufuria iliyopinduliwa, na unapofika mstari wa pili napaswa kuingia kabla hajamaliza neno la mwisho, siyo baada yake. Nimeshakwenda mara sita. Nikichelewa hasemi kitu. Anavuta pumzi, anaiweka vizuri sufuria, anaanza upya.